Je, kila jina kwenye orodha ya walezi wa watoto hulipiwa na kodi?

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: eti orodha ya walezi wa watoto waliochunguzwa rekodi za uhalifu hugharimiwa yote na kodi za wananchi, kwa hiyo ifutwe.

Si hivyo. Katika mifumo mingi, ada ya kuchukua alama za vidole na kupekua kumbukumbu za polisi hulipwa na mlezi mwenyewe au mwajiri wake. Fedha za umma hubeba zaidi mishahara ya watumishi, kompyuta na ufuatiliaji; pengine pia ada za walezi wanaohudumia familia zenye kipato kidogo.

Watu huchanganyikiwa wanaposoma matumizi kwenye bajeti na kuruka ukurasa wa mapato, ambako ada hizo huandikwa. Soma kote kuwili. Tazama pia fomu ya maombi, ambayo kwa kawaida hutaja kiasi na mlipaji.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mzazi anayeuamini anaweza kuacha kuuliza kama mlezi amesajiliwa, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Usajili wenyewe hunasa makosa yaliyorekodiwa tu, kwa hiyo bado zungumza na mzazi aliyewahi kumwajiri mlezi huyo.