Anasahau, tena amenyong'onyea: maswali na majibu kuhusu sonona, kumbukumbu na ubongo wa mzee

Mambo haya mawili mara nyingi huongozana. Mzee anaanza kuuliza swali lile lile mara ya pili na ya tatu. Baada ya muda unagundua kwamba hacheki tena, hataki kutoka, anakaa tu. Walio karibu husema "ana mawazo", au "ni uzee huo", na mambo yanaishia hapo. Majibu haya ni kwa anayeishi na mzee wa namna hiyo, na pia kwa mzee mwenyewe anayejiona anaelekea huko.

Daktari amesema mama ana "upungufu mdogo wa kumbukumbu". Ndiyo demensia imeanza?

Si lazima. Hali hiyo iko katikati ya usahaulifu wa kawaida wa uzeeni na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu anashindwa kujitegemea. Mwenye upungufu mdogo amepungua kuliko wenzake wa umri na elimu yake, na vipimo vinaonyesha hivyo, lakini bado anapika, anahesabu pesa zake, anajua dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Mpaka uko kwenye kujitegemea.

Miongoni mwa wanaofika kliniki za kumbukumbu wakiwa na hali hii, takriban 10 hadi 15 kati ya kila 100 huingia kwenye demensia kila mwaka. Wengine hubaki walivyo miaka mingi. Na wapo wanaorudi sawa kabisa, hasa pale chanzo kilipokuwa kitu kinachotibika: tezi ya shingoni iliyolegea kazi, upungufu wa vitamini B12, dawa fulani, usingizi mbovu, au sonona yenyewe.

Nitajuaje kama ni sonona au ni kumbukumbu inayokwenda?

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, kwa mzee mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na maumivu yasiyoisha, kukosa hamu ya kula, kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, hasira za haraka, na maneno kama "mimi ni mzigo tu". Kwa hiyo ukisubiri kumwona analia, unaweza kusubiri bure.

Tazama kinachotokea chumba cha daktari. Mzee anapewa maneno matano ayashike. Dakika chache baadaye anaulizwa. Mwenye sonona peke yake hukata tamaa mapema: "Sijui. Kichwa changu hakifai siku hizi." Akidokezwa kwamba neno moja lilikuwa sehemu ya mwili, analitoa. Maana yake neno liliingia na kuhifadhiwa, ila nguvu ya kwenda kulichukua haikuwepo. Yule ambaye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu imeanza kuharibika, dokezo halimsaidii sana, kwa sababu neno halikuhifadhiwa tangu mwanzo. Huyu anaweza hata kutaja neno jingine kabisa bila wasiwasi wowote.

Ningependa kuishia hapo, maana ni maelezo mazuri. Tatizo ni kwamba wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na kung'ang'ania kuchagua kimoja ndiko kunakofanya sonona iachwe bila tiba: "Ni kumbukumbu tu hiyo, hakuna la kufanya."

Kwenye ubongo kunatokea nini hasa?

Anza na hipokampasi. Ziko mbili, moja kila upande, ndani ya kichwa karibu na usawa wa masikio, na kila moja ina urefu wa sentimita chache tu. Humo ndimo tukio la leo linapogeuzwa kuwa kumbukumbu ya kesho. Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaosababisha demensia kwa wengi, huishambulia mapema. Lakini hata watu waliopatwa na sonona mara kwa mara maishani, ukiwapima kwa MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, kwa wastani hipokampasi zao huwa ndogo kidogo. Mshukiwa mmojawapo ni kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kwamba ikikaa juu kwa muda mrefu, matawi ya seli za hipokampasi hunywea.

Halafu kuna nyuzi nyeupe, zile nyaya zinazounganisha sehemu za ubongo. Shinikizo la damu na kisukari vikiharibu mishipa midogo inayozilisha, MRI huonyesha madoa madoa. Nyuzi zilizokatika kati ya sehemu ya mbele na sehemu za ndani humfanya mtu awe mzito kufikiri, mzito kuamua, na mnyonge wa moyo. Ndiyo maana sonona inayomjia mtu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 70 inastahili daktari aulize habari za presha.

Na kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Protini iitwayo tau, moja ya zile mbili zinazojulikana sana kwenye Alzheimer (nyingine ni amiloidi), huanza kujikusanya mapema sana kwenye shina la ubongo, katika vituo vinavyotengeneza noradrenalini na serotonini. Hizo ni kemikali zile zile ambazo dawa nyingi za sonona hulenga. Kwa hiyo kwa baadhi ya watu, kunyong'onyea si huzuni ya kugundua kwamba wanasahau. Ni ugonjwa wenyewe umepitia mlango mwingine.

Mwaka 2012 watafiti wa California walitoa matokeo ya watu 243 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Kati yao 44 walikuwa na dalili za sonona, tena dalili nyepesi, kwa sababu wenye sonona kali hawakuingizwa kwenye utafiti. Hao 44 walipoteza nyuzi nyeupe kwa kasi zaidi kuliko wenzao, na walioingia kwenye Alzheimer walikuwa wengi zaidi upande wao. Dalili hizo zilijulikana kwa kumuuliza mtu wa karibu na mgonjwa. Nitalirudia hilo mwishoni.

Basi sonona ndiyo inaleta demensia?

Hapa wataalamu hawajakubaliana, na sioni haya kusema kwamba pande zote mbili zina hoja. Huko Uingereza, watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 walifuatiliwa kwa miaka 28. Sonona ya miaka ya nyuma kabisa haikuhusiana na demensia. Iliyohusiana ni ile iliyojitokeza katika muongo mmoja hivi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, jambo linaloashiria kwamba ilikuwa dalili ya mapema. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliiweka sonona kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa.

Kwa mzee aliye mbele yako, ubishi huo haubadilishi kitu. Anateseka leo, na sonona ina tiba.

Baba hana huzuni. Hajali tu.

Hiyo inaweza kuwa kukosa ari, ambayo ni ndugu wa sonona lakini si yeye. Mwenye sonona hujilaumu na kuumia. Aliyekosa ari haumii, ukimwanzishia jambo anafuata, ukimwacha anakaa. Mwambie daktari tofauti hiyo, kwa sababu dawa za sonona mara nyingi haziiondoi.

Dawa zinasaidia?

Zinasaidia wengi, lakini kwa mzee kuna ya kuangalia. Amitriptilini, dawa ya zamani inayotolewa sana kwa usingizi na maumivu, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea. Kwa mzee anayesahau ni chaguo baya. Dawa za mzio za aina inayoleta usingizi zina kasoro hiyo hiyo. Setralini, dawa nyingine ya sonona, na jamii yake hazina shida hiyo kwa kiwango hicho, ila zinaweza kushusha sodiamu kwenye damu, na mzee aliyeshuka sodiamu huchanganyikiwa na kuanguka. Akibadilika ghafla katika wiki za mwanzo, msirudishe lawama kwenye uzee. Arudi akapimwe damu. Nafuu nayo haiji kesho: huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Demensia ikishaingia, dawa hizi hupungua nguvu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 kwa watu 326 wenye Alzheimer na sonona haukuona setralini wala mitazapini, nayo dawa ya sonona, ikishinda kidonge kisicho na dawa. Hiyo kwangu ni sababu ya kutosha ya kutochelewa.

Tiba ya mazungumzo inafaa pia, mradi vikao viwe vifupi na mambo muhimu yaandikwe. Na kutembea: Marekani, mwaka 2011, wazee 120 wasio na demensia waligawanywa. Waliotembea kwa bidii dakika 40, mara tatu kwa wiki, baada ya mwaka hipokampasi zao zilikua kwa takriban asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, zao zilipungua.

Naogopa kumuuliza kama anafikiria kujiua. Sitampa wazo?

Hapana. Kuuliza hakupandi wazo. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tukienda kumwona daktari, tubebe nini?

Dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizonunua mwenyewe. Miwani na kifaa cha kusikia kama anavyo, kwa sababu asiyesikia swali huonekana amesahau jibu. Na aende na mtu anayelala nyumba moja naye, hata kama kuna mtoto mwingine msomi zaidi anayepiga simu kila Jumapili. Mzee akiulizwa hali, atasema "nzuri tu". Wewe ndiye unayejua kwamba redio aliyokuwa akiiwasha kila alfajiri haijawashwa tangu miezi miwili iliyopita, na daktari anahitaji kusikia hilo, na tarehe ukiweza kuikumbuka.