Mionzi kwenye maziwa, na hiyo tezi unayoifunika skafu

Kliniki kwetu huku Rungwe siku hizi kila anayeingia anauliza mionzi, sijui ni klipu gani ya Chernobyl inazunguka kwenye simu zenu. Najibu hapa kwa pamoja ili foleni isogee.

Swali: Mionzi inaingiaje kwenye chakula?
Jibu: Vumbi lenye mionzi linapeperushwa na upepo, mvua inalishusha, linatua kwenye majani, ng'ombe anakula, baada ya siku moja mbili liko kwenye ndoo ya maziwa. Mimea mingine inavuta kwa mizizi. Halafu mwili unadanganyika na vitu vya mionzi vilivyomo: sesiamu unaiona kama potasiamu unaipeleka kwenye misuli, strontiamu unaiona kama kalsiamu unaipeleka kwenye mifupa, na iodini ya mionzi inakimbilia tezi ya shingo, maana tezi haiwezi kuitofautisha na iodini ya kawaida, yaani madini joto.

Swali: Chernobyl ilikuwaje hasa?
Jibu: Kinu cha umeme wa nyuklia huko Ukraine kililipuka 26 Aprili 1986. Watoto wa vijijini wakaendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wao, na zile wiki za mwanzo ndo zilikuwa mbaya, kwa sababu ile iodini ya mionzi, iodini 131, inapungua nusu kila siku 8. Mpaka 2005 kansa za tezi zaidi ya 6,000 zilikuwa zimeonekana kwa waliokuwa watoto au vijana wakati ule, na sehemu kubwa inatokana na hayo maziwa. Waliokufa kwa kansa hizo mpaka mwaka huo? 15. Wachache hivyo kwa sababu shingo zao zilichunguzwa, uvimbe ukaonekana, wakatibiwa mapema. Shika hapo, nitarudi.

Poland wao waliwahi, wakagawa iodini kwa watoto zaidi ya milioni 10. Tezi ikishashiba ya kawaida haina nafasi ya ile ya mionzi.

Swali: Si nachemsha tu maziwa?
Jibu: Mionzi sio kijidudu, haifi kwa moto. Chemsha maziwa kwa ajili ya brusela na TB ya ng'ombe, hapo moto unafanya kazi.

Swali: Maziwa yetu ya huku na uyoga wa Mafinga je?
Jibu: Kunywa maziwa, kula uyoga unaoujua. Uyoga wenye sesiamu ni wa misitu ya Ulaya iliyonyeshewa mvua yenye vumbi la Chernobyl, na wenyewe bado wanaupima kwa sababu sesiamu inachukua miaka 30 kupungua nusu. Vyakula vinavyoingia nchini Tume ya Nguvu za Atomiki ndo inavipima. Urani, madini ya mionzi ya Namtumbo kule Ruvuma, iko ardhini kwake toka enzi, cha kulinda pale ni vumbi na maji ya mgodi, ng'ombe wako wa Tukuyu anayekula mabingobingo haimhusu.

Swali: Mbona sasa huku wenye rovu, huo uvimbe wa tezi shingoni, ni wengi?
Jibu: Njia ni ileile, ila kinachopita ni upungufu. Mvua imeosha udongo wa milima yetu miaka na miaka, madini joto hayamo, basi kwenye majani hamna, kwenye maziwa kidogo, kwenye viazi hamna, tezi inavimba ikitafuta. Ndo maana tukaletewa chumvi yenye madini joto. Na nyie mnanunua ile ya kupimiwa kwenye kikopo kwa sababu imepungua mia mbili, mnaiacha wazi pembeni ya moto madini yanapotea! Nunua ya pakiti, funika, tia chakula kikikaribia kuiva. Mjamzito hasa, maana ni ubongo wa mtoto huo.

Swali: Nina uvimbe shingoni lakini hauumi, nisubiri?
Jibu: Hapana. Usisubiri.

Juzi kaja mama mmoja, skafu imezungushwa shingoni mara tatu, nikajua baridi ya huku. Kuvua, uvimbe kama parachichi, juu yake chale za zamani tatu tatu. "Nesi, hauumi lakini." Miaka sita! Sauti imeshakwaruza, ugali anaumeza na maji. Jamani, kansa ya tezi mwanzoni HAIUMI. Kutouma sio dalili ya uzima, narudia, kutouma sio dalili ya uzima. Rovu nyingi sio kansa, ni kweli, lakini atakayejua ni aliyekupima, sio jirani wala mchanja chale. Ukiona unakua haraka, ni mgumu kama jiwe, sauti imebadilika, kumeza au kupumua shida, usingoje hata mavuno, njoo kesho.

Swali: Nikija mtanikata?
Jibu: Utameza maji tukikuangalia shingo, tutapapasa, utatolewa damu, utapigwa ultrasaundi, ikibidi sindano nyembamba ya kuchukua seli za kupima. Wengi wanaishia hapo.

Swali: Nasikia Dar wanatibu kwa mionzi hiyohiyo, si ndo nitakufa?
Jibu: Ni iodini 131 ileile ya Chernobyl, ila kwa dozi iliyopimwa. Unaimeza, tezi inaivuta yenyewe, inaunguza seli mbaya zilizobaki baada ya upasuaji. Mjamzito na anayenyonyesha hapewi. Ukirudi nyumbani siku kadhaa unalala peke yako, watoto unawaona kwa mbali na choo unamwaga maji mara mbili, daktari atakwambia ni siku ngapi.