Speke: jina la ukoo lenye watu wachache Uingereza na ghuba nzima Mwanza

Ukitoka Mwanza kwa basi kwenda Musoma, ukishapita Magu unakaribia Lamadi, kushoto kwako kuna maji mengi yanaonekana kwa mbali, hiyo ndo Ghuba ya Speke. Watu wengi wanaipita bila kujiuliza, na wanaojua wanajua tu kwamba Speke ni yule mzungu, John Hanning Speke, aliyefika Ziwa Victoria 1858. Sasa mi kazi yangu ni majina ya ukoo ya Uingereza, yametoka wapi, yalikaa wilaya gani, kwa nini mengine yana watu laki na mengine yana familia chache tu, na nimeulizwa mara nyingi sana hili jina linamaanisha nini na hao akina Speke wako wapi leo. Kwa hiyo leo naliandika lote.

Tuanze na matamshi maana hapo tu tayari pana historia. Sisi tunasoma kama lilivyoandikwa, Spe-ke, silabi mbili. Waingereza wanasema Spiik, silabi moja. Nishawahi kuona watu wanarekebishwa kwamba "hapana bwana inasomwa Spiik", na ni kweli leo inasomwa hivyo, lakini ungeenda Uingereza mwaka 1300 ungekuta matamshi yao yako karibu zaidi na yetu. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama kati ya miaka ya 1400 na 1700, e ndefu ikapanda ikawa i, na ile e ya mwisho ikaacha kutamkwa kabisa, ila maandishi yakabaki palepale. Kwa hiyo mvuvi wa Ukerewe akisema Speke anatamka kitu ambacho mababu wa huo ukoo wangekitambua haraka kuliko wajukuu zao.

Maana yake sasa. Ni kigogota, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo. Kwenye Kifaransa cha zamani aliitwa espec au espeche, na jina lilivuka bahari na Wanormani waliokuja na William mshindi mwaka 1066. Kwenye kile kitabu cha hesabu ya ardhi cha 1086, Domesday, yumo William Speke akimiliki mashamba Bedfordshire moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Majina ya utani ya ndege yalikuwa kawaida kabisa wakati ule, mtu labda alikuwa na pua ndefu, au mbishi wa kugonga jambo lilelile hadi lipasuke, hakuna aliyeandika sababu. Na Waingereza wenyewe walikuwa na neno lao la kigogota linalofanana, ndo likazaa ukoo wa Speight ambao mpaka leo wamejaa Yorkshire magharibi, pande za Leeds na Dewsbury. Wajerumani nao wana Specht. Ndege mmoja, koo tatu, na hazina undugu wowote wa damu!

Hapa kuna mtego ambao unawanasa watu kila siku. Liverpool kuna mtaa unaitwa Speke, ndipo ulipo uwanja wa ndege wa mji, na kuna jumba maarufu la mbao linaitwa Speke Hall. Mtu akiona hivyo anasema basi, akina Speke wametoka Liverpool, kazi imeisha. Hapana. Lile jumba lilijengwa na ukoo wa Norris kuanzia miaka ya 1530 hivi, siyo akina Speke, na jina la mahali pale linatokana na neno la Kiingereza cha kale la vijiti na vichaka. Halihusiani na ndege hata kidogo. Sasa unatofautishaje? Angalia kineno kidogo kabla ya jina kwenye hati za zamani. Ukikuta "de Speke" huyo ametoka mahali panapoitwa Speke, ukikuta "le Espek" au Espec peke yake, hilo ni jina la utani. Herufi mbili tu na zinakuhamisha kutoka kaskazini hadi kusini magharibi ya nchi. Watu wanapuuza hivi vineno wakati wananakili na inaniuma, maana ushahidi wote ulikuwa hapo.

Mtego wa pili ni wa kujitafutia babu mkubwa. Espec maarufu kuliko wote ni Walter Espec wa Helmsley, Yorkshire, huyu alianzisha monasteri ya Rievaulx mwaka 1132 na alikuwa kati ya viongozi wa vita ya 1138 dhidi ya Waskoti. Miti mingi ya ukoo iliyochorwa na matajiri wa zamani inamweka juu kabisa kama babu wa akina Speke wote. Tatizo ni kwamba Walter alikufa hana mtoto aliye hai, ardhi yake wakagawana dada zake watatu. Huwezi kuwa mjukuu wa mtu asiyeacha mtoto. Kwa hiyo ukiona mti wa namna hiyo mtandaoni usiunakili tafadhali, hata kama umechorwa vizuri una ngao na rangi.

Wale tunaowafuata wako Devon. Karne ya 12 na ya 13 wanaonekana Wembworthy na kwenye kijiji kilicho kando ya mto Exe, kaskazini kidogo ya mji wa Exeter, na walikaa pale mpaka kijiji kikabeba jina lao, kinaitwa Brampford Speke hadi leo. Angalia hapo mambo yamegeuka, kawaida watu huchukua jina la kijiji ila hapa kijiji kilichukua jina la watu. Na ndani ya kanisa kuu la Exeter kuna chumba kidogo cha maombi cha Sir John Speke aliyefariki 1518, yeye mwenyewe kachongwa kwa jiwe amelala, na jiwe limenakshiwa kila mahali. Hawa walikuwa na hela.

Lakini ukifungua ramani ya hili jina ya baadaye, kitovu hakiko Devon tena, kiko Somerset, kuzunguka mji mdogo wa Ilminster. Walihamaje? Kwa ndoa. Karne ya 15 mmoja wao alioa binti mrithi wa ukoo wa Beauchamp na binti akaja na manor (yaani shamba kubwa na jumba la bwana mwenye ardhi) ya Whitelackington. Dowlish Wake nayo waliipata kwa njia hiyohiyo, kutoka kwa Wake ikaenda kwa Keynes ikafika kwa Speke, na ukiingia kanisani pale makaburi ya koo zote tatu yapo pamoja. Hiki ndo kitu nataka ukishike kuliko vyote kwenye hii posti: jina adimu la watu wenye ardhi haliendi na njaa au kazi kama majina ya wafumaji na wachimba makaa, linaenda na mabinti wa watu wengine. Linapanda kwa harusi na linazimika kwa harusi vilevile.

Karibu lizimike kwa kamba pia. Mwaka 1680 Duke wa Monmouth, mtoto wa nje wa mfalme Charles wa pili, alipokewa kwa shangwe Whitelackington na George Speke. Miaka 5 baadaye Monmouth akaasi dhidi ya mjomba... hapana, baba yake mdogo, James wa pili, akashindwa Sedgemoor Julai 1685, halafu jaji Jeffreys akapita Somerset ananyonga watu mji hadi mji. Charles Speke, mtoto wa George, alinyongwa Ilminster, palepale mjini kwao mbele ya watu waliomfahamu tangu utotoni. Kila nikifika sehemu hiyo ya kumbukumbu huwa nasimama kidogo, ni ukurasa mzito.

Alafu likaja la harusi. Karne ya 18 urithi wa tawi la Whitelackington ukamwangukia msichana, Anne Speke. Mwaka 1756 aliolewa na Lord North, ndiyo huyohuyo waziri mkuu wa Uingereza wakati wanapoteza Marekani. Basi ardhi ya vizazi vyote hivyo, pamoja na jumba la Dillington, ikaenda kwa akina North. Jina Speke likabaki kwenye tawi dogo lililokuwa likikaa Jordans, nyumba iliyo karibu na Ilminster. Sasa sikiliza mzunguko wake: mwaka 1795 Dillington ikanunuliwa kutoka kwa warithi wa North na bwana mmoja wa ukoo wa Hanning, na binti wa huyo Hanning, Georgina, akaja kuolewa na William Speke wa Jordans. Mtoto wao wa pili wa kiume ndo John Hanning Speke, alizaliwa Mei 1827 Devon, Orleigh Court. Kwa hiyo lile jina lake la katikati ambalo vitabu vyetu vya shule vinaliruka ni jina la watu walioshika nyumba ya mababu zake. Na kaka wa Georgina aliacha kuitwa Hanning akajiita Lee kwa sababu ya urithi, maana kwa hao watu jina lilikuwa linaweza kuwa sharti la wosia, unataka mashamba basi badilisha jina.

Hapo tayari unaona kwa nini ni wachache. Mashamba yote anachukua mtoto wa kwanza wa kiume, wadogo wanatafuta jeshi au kanisa, wengi hawaoi au wanafia mbali. John mwenyewe alikwenda jeshi la India, hakuoa, hakuacha mtoto. Mdogo wake Edward aliuawa Delhi 1857. Mwingine, Benjamin, alikuwa mchungaji wa Dowlish Wake, na mwaka 1868 alipotea London ghafla magazeti yote yakamwandika kama ameuawa, baada ya wiki kadhaa akapatikana Cornwall amejivika nguo za mchunga ng'ombe. Tawi la pili, la Wiltshire, lililokuwa Hazelbury, lilipewa ubaroneti (cheo cha "Sir" cha kurithi) 1660 na likafa kabla karne hiyo haijaisha. Fanya hesabu mwenyewe utabakiwa na wangapi.

Kuna wanaonitumia ujumbe wanasema wao ni Speake au Speak, je ni ukoo mmoja? Mara nyingi hapana. Speake wamekaa zaidi Shropshire, Speak ni wa Lancashire na Yorkshire, ni makundi yenye historia zao. Ila kwa watu maskini wa Devon na Somerset lazima utafute tahajia zote, Speke, Speake, Speek, maana aliyeandika ni kasisi, mwenye jina hakujua kusoma. Rejista za parokia zilianza kwa amri ya 1538, hizo ndo rafiki yako, na kwa ramani nzima ya nchi anza na sensa ya 1881 kwa sababu ilinakiliwa yote na wakati ule watu walikuwa hawajasambaa sana. Wosia ni shida. Mei 1942 ndege za Ujerumani zilipiga Exeter na ofisi iliyokuwa na wosia za Devon na Somerset ikaungua. Matajiri wao wosia zao nyingi zilipita mahakama ya kanisa ya Canterbury, ziko salama Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa London, mpaka leo, kwa hiyo Speke mwenye manor unaweza kusoma aliacha vijiko vingapi, na Speke aliyekuwa kibarua shambani hana karatasi yoyote. Hii inauma na hainyooshwi na teknolojia yoyote, kilichoungua kimeungua.

Turudi ziwani. Mwishoni mwa Julai 1858, akielekea Mwanza, John aliona mkono wa maji ukiingia nchi kavu, na kabla hata hajafika kwenye ziwa lenyewe tarehe 3 Agosti akaupa jina, Jordans Nullah (nullah ni neno la India la kijito). Jordans ni kwao! Ile nyumba ya karibu na Ilminster. Watu wa pale walikuwa wanapaita kwa majina yao tangu zamani na ziwa lilikuwa Nyanza, hilo lazima lisemwe. Jina la ghuba hakujipa yeye, ni mpelelezi Henry Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1875, na mlima Speke kule Rwenzori, mita 4,890, uliitwa hivyo 1906 na Duke wa Abruzzi, Mwitaliano. Nzohe, yule swala wa kwenye matete ya Karagwe, kitaalamu ana jina lake pia, na kuna ndege mnana, na kuna swala mdogo wa Somalia. Mtu asiye na mtoto hata mmoja.

Alikufa 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda karibu na Neston Park, Wiltshire, siku moja kabla ya mdahalo wake pale Bath na Burton, mwenzake wa safari waliyekuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Nile. Ukiangalia ramani, ni maili chache tu kutoka Hazelbury, manor ya lile tawi lililokwisha zamani. Amezikwa Dowlish Wake. Mwaka 1867 Malkia akamruhusu baba yake aongeze kwenye nembo ya ukoo maji yanayotiririka yenye neno Nile, na wa kuishika ngao, upande mmoja mamba, upande wa pili kiboko.