Ofuseti ya rimu ni nini, na kwa nini tairi ya Altezza yako inakula fenda

Mtu akitaka kubadili rimu za Altezza au Subaru yake swali la kwanza ni inchi ngapi, la pili bei, la tatu kama kuna nyeusi, af anafunga anaingia barabarani, kesho yake yuko gereji Mwanjelwa, Mbeya, analalamika tairi inakwaruza. Namba ambayo hakuuliza inaitwa ofuseti. Rimu nyingi imegongwa kwa nyuma, utaona ET50, ET35 au +38. Hiyo ET inatoka kwenye neno la Kijerumani, Einpresstiefe, usihangaike kulitamka.

Sasa yenyewe ni nini. Piga picha umeigawa rimu katikati kwa upana wake, nusu ya ndani na nusu ya nje, huo mstari wa katikati ndo sifuri. Af tafuta ule uso wa rimu unaogusa habu, yani kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa, pale nati zinapobana, uone uko milimita ngapi kutoka kwenye mstari. Ukiwa umesogea upande wa nje, ule tunaouona tukisimama pembeni ya gari, ofuseti ni chanya, ukiwa umesogea ndani ni hasi. Na hapa ndo watu wengi wanapopotea, maana inaenda kinyume na unavyodhani: namba ikiwa kubwa tairi inaingia ndani, namba ikipungua tairi inatoka nje. Zile pikapu zenye rimu zimebonyea kama bakuli na matairi yamechomoza nje ya bodi, hizo ofuseti yake iko chini kabisa au hasi.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Altezza RS200 kiwandani ilitoka na rimu ya inchi 17, upana inchi 7, ofuseti 50. Umepata za mtumba nzuri, 17 vilevile ila upana 8, ofuseti 35. Upana umeongezeka inchi moja yani milimita 25.4, inagawanyika pande mbili, 12.7 huku na 12.7 kule. Ofuseti imeshuka kwa 15, kwa hiyo rimu nzima imehama 15 kwenda nje. Ukingo wa nje umetoka 12.7 ukijumlisha 15, jumla 27.7, unakaribia sentimita tatu, wakati kwa ndani umebakiwa na nafasi zaidi kuliko mwanzo kwa milimita 2.3. Ungechukua upana 8 na ofuseti ileile ya 50, ndani ungeingia 12.7 nzima na hapo unaanza kuikaribia shokapu.

Sentimita tatu ukiwa peke yako unazunguka Kabwe na Soweto hutaziona, gari imekaa kibabe na washkaji wanapiga picha. Shida subiri siku mko watano, buti ina gunia la mchele wa Kyela na mikungu ya ndizi za Tukuyu mnapeleka Dar, nyuma imekaa chini, mnashuka mlima Kitonga kwenye kona, bodi inalala upande mmoja na ukingo wa fenda unaanza kuchonga tairi kama kisu. Kama na springi umekata ndo usiseme. Kwa hiyo ukijaribu rimu usijaribu gari tupu, pakia watu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, pita kwenye tuta taratibu usikilize.

Kuna na lile lisiloonekana. Tairi ikitoka nje sana uzito unaivuta beringi kama mtu anayebeba ndoo mkono umenyooka, inaanza kuvuma mapema, na stelingi inakuwa inakupokonya ukigonga shimo. Spesa, yani bamba linalowekwa kati ya rimu na habu, ni hadithi ileile, spesa ya milimita 20 kwenye rimu ya ET50 umejitengenezea ET30, tena zile zinazochomekwa tu bila boliti zake zinapunguza urefu wa boliti unaoshikwa na nati, mimi binafsi siziamini.

Namba nyingine nazigusa tu. Nati tano si lazima zifanane, Subaru Impreza nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni 5x100, yani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na Altezza ni 5x114.3, haziingiliani hata ulazimishe. Tundu la katikati la Altezza ni milimita 60.1, rimu nyingi za kubadilishia zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi, weka ringi ya kuziba hilo pengo, la sivyo ukikimbia gari inaweza kutetemeka na utabalansi matairi mpaka uchoke.

Kama maandishi yamefutika au rimu imepakwa rangi upya, pima mwenyewe. Rimu tupu ilaze kifudifudi juu ya gunia, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao mpaka ule uso wa habu. Af pima upana wote wa rimu ukingo kwa ukingo, ugawe kwa mbili, toa hiyo nusu kwenye kipimo cha kwanza. Ukipata kipimo cha kwanza 150 na upana wote 228, nusu yake 114, ofuseti ni 36. Muuzaji akikataa usipime, achana na rimu zake.