Derivativu kuwa sifuri hakumaanishi umepata kilele

Wanafunzi wengi wakishapata f′(x) = 0 (f′ ndiyo derivativu, yaani kipimo cha mwinamo wa grafu ya f) huandika "kilele" au "bonde" na kufunga daftari. Sifuri hiyo inasema jambo moja tu: hapo mwinamo wa grafu ni bapa. Grafu inaweza kutulia kidogo, kisha ikaendelea kule kule ilikokuwa ikienda.

Chukua f(x) = x⁴ − 4x³. Derivativu yake ni 4x³ − 12x², yaani 4x²(x − 3), nayo ni sifuri x ikiwa 0 au 3. Sasa pima alama ya derivativu (hasi au chanya) kila upande: x = −1 inatoa −16, x = 1 inatoa −8, x = 4 inatoa 64. Kwenye 0 ni hasi pande zote mbili, basi hakuna kilele wala bonde. Kwenye 3 hasi inageuka chanya: hilo ndilo bonde, na thamani yake ni −27.

Ukikimbilia derivativu ya pili (derivativu ya derivativu), 12x² − 24x, kwenye 3 utapata 36, chanya, ishara ya bonde, sawa. Kwenye 0 utapata 0, na hapo kipimo hicho kimenyamaza. Hakijakataa wala kukubali. (Derivativu ya pili ya x⁴ pekee nayo ni 0 hapo, lakini x⁴ ina bonde.) Rudi kwenye alama.

Kosa la kinyume, kudhani thamani kubwa kuliko zote lazima iwe mahali derivativu ni sifuri, huonekana kwenye kipande cha grafu chenye mipaka. Kuanzia −2 hadi 4, thamani kubwa kuliko zote ni 48, kwenye x = −2, ambako derivativu ni −80.