Je, Samhain alikuwa mungu wa mauti?

Oktoba ikielekea ukingoni, watu wengi huelezana kwamba Halloween, sherehe ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, ni sikukuu ya Samhain, mungu wa mauti wa Waselti (watu wa kale wa Ulaya, wakiwemo wa Ayalandi na Uskoti), na kwamba maboga yanayochongwa nyuso yalianza na makuhani wake. Wengine wanaikataa kwa imani yao, na hiyo ni haki yao. Lakini asili ya desturi ni jambo la kuchunguzwa.

Samhain si mungu, ni jina la sikukuu na msimu: mavuno yamekwisha, baridi inaingia, kuanzia tarehe 1 Novemba. Fungua kamusi ya Kiayalandi. Neno hilohilo ndilo jina la mwezi wa Novemba hadi leo.

Kuhusu boga, uliza kwanza lilitoka wapi. Asili yake ni mabara ya Amerika, kwa hiyo Waselti wa kale hawakulijua kabisa. Ayalandi na Uskoti walichonga tanipu, mzizi mgumu wa jamii moja na kabichi. Waliukwangua ndani, wakatoboa macho na kutia kishumaa. Ukikauka hujikunja kama uso wa mzee, na kwa kweli hutisha kuliko boga. Katika karne ya 19 wahamiaji wakaupeleka mtindo huo Marekani, wakakuta maboga: makubwa, laini, rahisi kuchonga.