Sonona ya majira ya baridi kwa waliohama kutoka ukanda wa Ikweta

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hesabu hiyo haimpotezi mtu wa Kisii, Bukavu au Dar es Salaam, kwa sababu kwao mchana na usiku hugawana siku karibu sawasawa mwaka mzima. Jijini Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki robo saa. Mtu huyo akihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamefanya makazi, atakuta kwamba ifikapo tarehe 21 Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni. Habari za baridi ameambiwa kabla hajapanda ndege, na koti zito amenunua. Habari za giza mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Sisi tunaohudumu katika kitengo cha afya ya akili huwaona watu hawa kuanzia Novemba, na wengi wao huja kwa malalamiko mengine: uchovu usioisha, mwili mzito, usingizi wa saa kumi ambao hauleti nafuu, uzito unaoongezeka. Ni wachache wanaosema kwamba wana huzuni. Sonona ya kawaida, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, aghalabu hukosesha usingizi na hamu ya kula, lakini hii ya majira ya baridi mara nyingi hufanya kinyume chake. Mgonjwa hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga kama ugali, mkate na chapati kuliko ilivyo desturi yake, hujitenga, huacha kupokea simu, na kazi aliyokuwa akiimaliza kwa nusu saa humchukua asubuhi nzima. Dalili hizi zikirudi msimu uleule kwa miaka miwili mfululizo na kuondoka zenyewe majira ya kuchipua, mtaalamu huwa na sababu nzuri ya kuiita sonona ya msimu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza mwanzoni mwa utu uzima.

Aliyeupa ugonjwa huu jina katika sayansi ya leo alikuwa naye mhamiaji kutoka Afrika. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akahamia Marekani katika miaka ya 1970, na huko akaona jinsi nguvu zake mwenyewe zilivyopungua kila msimu wa baridi ulipoingia. Mwaka 1984, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya wagonjwa 29 waliokuwa wakiugua sonona kila mwaka katika miezi ya giza, wakaonyesha pia kwamba mwanga mkali ulileta nafuu kwa waliojaribiwa. Ninawasimulia habari hii wagonjwa wetu kwa makusudi, kwa kuwa wengi huona aibu, na nyumbani huambiwa kwamba aliyevuka vita na kambi za wakimbizi hawezi kushindwa na hali ya hewa, au kwamba aliyebahatika kufika Marekani hana haki ya kulalamika. Hayo yanasemwa kwa upendo, lakini humchelewesha mtu kupata tiba.

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kuu si kutuonyesha vitu, bali ni kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Taarifa hiyo ndiyo inayorekebisha saa ya mwili na kuzuia homoni ya melatonini, ambayo hutolewa usiku. Mwanga wa asubuhi ukikosekana, kwa baadhi ya watu saa hiyo huchelewa, na mtu huamka, huvaa na kwenda kazini huku mwili wake ungali usiku wa manane. Taa za nyumbani haziwezi kuziba pengo hili, ingawa macho hutudanganya kwamba zinatosha. Weka simu yenye programu ya kupima mwanga juu ya meza unayonywea chai usiku, taa zote zikiwa zimewashwa: pengine itasoma luksi 100 au 200. Kesho yake mchana toka nayo nje, hata kama mawingu yametanda, nawe utaona ikisoma maelfu. Tofauti hiyo jicho haliitambui, kwa sababu mboni hupanuka na kusinyaa ili kutupatanisha na mwanga uliopo, lakini saa ya mwili huitambua.

Wanaonitia wasiwasi kuliko wote ni wahudumu wa wazee na wauguzi wa shifti ya usiku, kazi inayofanywa na ndugu zetu wengi. Mhudumu huingia kazini saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi kabla jua halijachomoza, hufika nyumbani, huwaandaa watoto kwenda shule, hufunga mapazia na kulala. Akiamka saa kumi alasiri, jua limebakiza nusu saa. Mtu wa ratiba hii anaweza kumaliza wiki nzima ya Desemba bila kupata mchana wa maana, na mara nyingi hudhani kwamba anachougua ni uchovu wa kazi tu. Kwake yeye, ombi la kuhamishiwa shifti ya mchana kuanzia Novemba hadi Machi ni suala la matibabu, na daktari anaweza kuliandikia barua.

Tiba iliyozoeleka zaidi ni taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000, iliyozuiliwa miale ya urujuanimno (UV). Huwekwa mezani kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, nawe hukaa mbele yake kwa muda wa dakika 30 hivi mara tu baada ya kuamka, macho yakiwa wazi lakini bila kuikodolea, huku ukinywa chai au ukisoma. Ikitumiwa jioni inaweza kuharibu usingizi, na anayefanya kazi usiku apangiwe saa zake na mtaalamu. Kabla ya kuinunua, mwone daktari ikiwa una ugonjwa wa macho, ikiwa kisukari kimeathiri macho yako, ikiwa unatumia dawa zinazoufanya mwili udhurike upesi na mwanga, au ikiwa umewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu zilizopita kiasi, kwani mwanga mkali unaweza kuviamsha tena. Asiyeweza kuinunua asikate tamaa: matembezi ya nje adhuhuri hayagharimu kitu, na Mwislamu anayetembea kwa miguu kwenda kuswali adhuhuri atakuwa nje wakati jua liko juu kuliko saa nyingine zote za siku.

Zipo pia tiba za mazungumzo na dawa. Utafiti ulioongozwa na Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont ulilinganisha taa na tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mienendo; zote mbili zilileta nafuu inayokaribiana, lakini katika msimu wa pili wa baridi uliofuata, waliorudiwa na sonona walikuwa asilimia 46 kwa waliotumia taa na asilimia 27 kwa waliopata mazungumzo. Dawa ya bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya kuzuia sonona hii, na huanzwa kabla dalili hazijatokea. Haimfai mwenye kifafa. Jihadhari na vidonge vya mmea uitwao St. John's wort, vinavyouzwa bila cheti cha daktari: hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za vidonge vya uzazi wa mpango.

Vitamini D ni jambo jingine. Wenye ngozi nyeusi huipungukiwa kwa urahisi katika nchi za kaskazini, na ni vyema kupimwa, ila haijathibitika kwamba vidonge vyake peke yake huponya sonona ya msimu.

Mawazo ya kutaka kufa, au kuona kwamba familia ingekuwa na nafuu bila wewe, hayasubiri miadi. Nchini Marekani piga simu 988 saa yoyote, au nenda idara ya dharura, na uombe mkalimani wa Kiswahili; hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bila malipo.

Kwa kuwa ugonjwa huu huja kwa kalenda, unaweza kujiandaa kuupokea. Mwezi Aprili, nguvu zinaporudi na mtu akitamani kusahau yote, ndipo mkumbuke pamoja na mwenzi wako au dada yako ni wiki gani ulianza kushindwa kuamka, kisha hesabuni wiki sita nyuma na muandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Aghalabu itaangukia Septemba, wakati majani yangali mitini na nafasi za kumwona daktari bado zinapatikana.